Kuvunja ukuta wa jikoni kwenye nyumba ya ranchi: anzia darini

Tangu theluji iyeyuke nimepigiwa simu nne za namna moja. Mtu kanunua nyumba ya ranchi ya miaka ya 1950 au 1960: nyumba ya chini, ndefu, vyumba vitatu, bafu moja na nusu. Anataka jiko lifunguke kwenye sebule. Ameangalia video mbili tatu, akanunua nyundo kubwa, na Jumamosi asubuhi kazi ikaanza. Simu huja jioni.

Ya mwisho ilitoka kwa jamaa wa hapa hapa Columbus, Marekani. Wala hakupiga kwa sababu ya ukuta. Ukuta ulishaondoka wote, umerundikwa kando ya gereji. Alichokuwa analalamikia ni mlango wa bafu, ghafla umegoma kufunga. Nikamwambia asimame ulipokuwa ukuta, afumbe jicho moja, aitazame dari kama fundi anavyotazama ubao uliopinda. Kimya. Kisha: "Aisee kaka, imebonyea." Tulisimamisha mirunda usiku ule hadi saa saba.

Mwongozo huu ni wa ukuta huo mmoja, kati ya jiko na sebule, kwenye nyumba ya mbao isiyo na ghorofa. Kama juu ya ukuta wako kuna chumba cha kulala, hesabu ni nyingine na haya hayakuhusu.

## Kwanza: lazima uvunje wote?

Kwetu watu wanakaanga. Dagaa, mandazi, samaki, vitunguu vya pilau. Ukuta ukiondoka, harufu na mvuke wa mafuta vinahamia kwenye makochi. Nyumba nyingi za umri huu zina feni ya jiko inayozungusha hewa humo humo ndani bila kuitoa nje. Ukifungua jiko, panga na bomba la kutoa moshi nje ya nyumba.

Ushauri wangu: acha vipande vya ukuta futi 2 kila upande, ufungue katikati. Kama ukuta umebeba dari au paa, ukiutoa mzigo wake unahamia kwenye boriti mpya. Boriti ileile, ikibeba mzigo uleule kwa kila futi, hunepa mara 16 zaidi urefu wake ukiongezeka maradufu. Kwa hiyo kila futi unayoiacha inakupunguzia gharama ya boriti. Tena mama mkwe akija, sufuria chafu zina pa kujificha.

## Vifaa

Andaa hivi kabla hujagusa kitu:

- Tochi ya kichwani, miwani, glavu, shati la mikono mirefu, na barakoa ya mpira yenye vichujio vya P100, daraja linalozuia karibu vumbi lote laini. Barakoa za karatasi hazitoshi.
- Testa mbili za umeme. Moja ikikudanganya, nyingine itakwambia.
- Pima maji ya futi 4, kamba ya fundi, tepu, penseli.
- Mtarimbo, patasi, nyundo ya kawaida. Ile kubwa iache dukani.
- Msumeno wa umeme wa kwenda mbele na nyuma, wenye meno yanayokata mbao na misumari kwa pamoja.
- Mbao za 2x4 (inchi 2 kwa 4 kwa jina, zikipimwa ni pungufu kidogo) za kuta mbili za muda. Kwa uwazi wa futi 12, hesabu mbao 14 kila upande: 10 za kusimama, 2 za kulala juu na chini, 2 za mshazari.
- Plastiki nzito ya mil 6 (elfu 6 za inchi, siyo milimita), kabari, skrubu za inchi 3.
- Watu wawili wenye nguvu siku ya boriti.

Boriti yenyewe usiinunue bado. Ukubwa wake hutoka kwa mhandisi. Ya jirani yako ilipimwa kwa nyumba ya jirani yako.

## Hatua ya 1: Panda darini

Hapa ndipo wote wanne waliporuka. Ukiugonga ukuta kwa ngumi unasikia uwazi, ukidhani hauna kazi. Kuta zote za nyumba hizi zinasikika hivyo, zilizobeba na zisizobeba. Kazi ya ukuta inaonekana kwa juu.

Mlango wa dari mara nyingi uko koridoni au ndani ya kabati la nguo. Panda asubuhi, maana mchana wa kiangazi dari ni tanuri. Kanyaga mbao tu. Ukikanyaga jipsamu utajikuta sebuleni.

Onyo: ukikuta juu ya dari pamemwagwa vijiwe vyepesi vya kijivu au rangi ya dhahabu vinavyometameta, hiyo ni vamikulaiti. Ichukulie kuwa ina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Usiichezee, funga mlango, shuka.

Kama ni sufi ya kawaida ya kuzuia joto na baridi, isogeze taratibu mpaka uone kichwa cha ukuta wako: ubao wa 2x4 uliolala, mara nyingi na nyaya zikipenya humo. Sasa tazama mambo matatu.

Boriti za dari zinaelekea wapi? Ranchi nyingi zina mgongo wa paa unaokwenda kwa urefu wa nyumba, na ukuta wa katikati chini yake. Boriti za dari zinatoka ukuta wa mbele na wa nyuma, zinakutana juu ya ukuta huo. Ukiona miisho yake imelaliana pale juu na kupigiliwa pamoja, jibu umelipata. Ukuta umebeba. Boriti zikienda sambamba na ukuta, huenda haujabeba. Nimesema huenda.

Kuna mbao za mshazari zinazotua juu yake? Hili ndilo linalosahaulika. Katikati ya mteremko wa paa mafundi wa zamani waliweka viegemeo, mbao zinazoshuka kwa mshazari na kutua juu ya ukuta wa ndani. Kama vipo, ukuta haujabeba jipsamu peke yake. Umebeba sehemu ya paa, na Januari sehemu ya theluji iliyolala juu ya paa.

Au ni kenchi za kiwandani? Utaona pembetatu za mbao nyembamba, zimeunganishwa kwa bati zenye meno au vipande vya plywood. Kenchi hizi kwa kawaida zinaruka kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, na kuta za katikati ni za kugawa vyumba tu. Ni habari njema, ila usikate hata ubao mmoja wa kenchi. Kila kipande kinashikilia mwenzake.

Ukishuka, ingia uvunguni kama nyumba yako ina uvungu, yaani nafasi fupi chini ya sakafu, au chini kama ina besimenti. Ukikuta mstari wa nguzo au boriti nene chini ya ukuta uleule, ni dalili nyingine kwamba mzigo unapita hapo.

*Umefanikiwa ukiwa na:* picha za simu za kila kona, na mchoro wa penseli wenye mishale ya mwelekeo wa boriti. Mhandisi atakushukuru, na pengine ziara yake itakuwa fupi.

## Hatua ya 2: Pima asbesto na risasi kabla ya vumbi

Kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, chukulia kuwa rangi za chini zina madini ya risasi. Mwaka huo ndio Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani. Mtoto anayetambaa huokota vumbi lake kwa viganja na kulipeleka mdomoni, na risasi huharibu ubongo unaokua. Mwenye watoto wadogo awahamishie kwa shangazi siku za kubomoa. Aliyeajiri mkandarasi amwombe cheti cha kufanya kazi salama na rangi hiyo; sheria ya shirikisho inakidai tangu 2010.

Asbesto hukaa penye mazoea: dari yenye vinundu kama bisi, lipu ya kuunganishia bodi za jipsamu, vigae vya sakafu vya inchi 9 kwa 9, na gundi nyeusi iliyo chini yake. Kwa macho hutaitambua. Lowanisha sehemu ndogo kwa maji yenye tone la sabuni, chukua kipande cha ukubwa wa kucha, kifungie kwenye mfuko, peleka maabara. Kila aina ya kitu, kipande chake.

Jibu likiwa ndiyo, hapo kazi yako inasimama na wenye leseni wanaingia. Najua gharama inauma. Lakini vumbi la asbesto haliondoki kwa ufagio, na madhara yake huja baada ya miaka mingi.

## Hatua ya 3: Jua kilichomo ndani

Kata umeme wa jiko na sebule kwenye boksi la breka. Jaribu kwa testa zote mbili kwenye kila soketi na swichi ya ukuta huo, pande zote mbili. Kisha kata tundu la ukubwa wa daftari usawa wa kiuno, katikati ya mbao za wima. Katika nyumba hizi zinaachana kwa inchi 16 kutoka katikati hadi katikati. Tia tochi, tazama juu na chini. Rudia kila nafasi.

Utakachokuta:

- Nyaya. Karibu kila mara. Kama zina rangi ya fedha badala ya shaba, nyumba ina nyaya za alumini, zilizotumika sana kati ya 1965 na 1973. Viungo vyake hulegea na kupata moto. Hapo mwite fundi umeme mwenye leseni, usizikate wala kuziunganisha mwenyewe.
- Bomba la kupumulia la maji taka. Katika ranchi, bafu na jiko mara nyingi vimegeuziana migongo ili vitumie mabomba mamoja. Toka nje utazame paa: kuna bomba linalochomoza juu ya ukuta wako? Hilo haliondolewi, linahamishwa. Ukilikata na kuliziba, harufu ya choo itapanda kupitia sinki.
- Njia ya hewa ya joto na baridi. Ni bati pana. Litatafutiwa njia nyingine, vinginevyo kuna chumba kitakachoganda.
- Bomba la gesi. Acha. Mwite fundi wa gesi.

Kile kisanduku kinachoning'inia juu ya makabati ya jiko nacho kipige tundu. Mara nyingi ni kitupu, kilijengwa kujaza nafasi tu. Mara nyingine ndimo mlimopitishwa kila kitu.

## Hatua ya 4: Mhandisi, kisha kibali

Tafuta mhandisi wa miundo, siyo mkaguzi wa kununulia nyumba. Mpe picha na mchoro wako. Atakachokupa ni karatasi yenye muhuri: boriti ya ukubwa gani, nguzo ngapi kila mwisho, na mzigo unatua wapi chini.

Muulize swali moja mapema: boriti ishuke chini ya dari au ifichwe ndani yake? Dari za ranchi ni futi 8. Boriti ya inchi 12 ikishuka, inakuachia futi 7 chini yake. Watu wengi hawapendi. Lakini boriti ya kufichwa ina maana ya kukata boriti zote za dari na kuzining'iniza kwenye vibebeo vya chuma. Na hizo boriti zina kazi ya pili: zinavuta miguu ya paa isitanuke na kusukuma kuta nje. Ukizikata, lazima ziunganishwe upya kwa mikanda ya chuma, kama mhandisi atakavyoandika. Kwa anayefanya mara ya kwanza, mimi nasema boriti ishuke. Ipake rangi, izoee.

Kibali unaomba ofisi ya majengo ya mji au kaunti yako. Sehemu nyingi zinamruhusu mwenye nyumba kufanya kazi kwenye nyumba anayoishi, ila umeme na mabomba yana masharti yake, kwa hiyo uliza. Kibali kina faida siku ya kuuza. Mnunuzi atauliza ukuta ulikwenda wapi, na jibu la "rafiki yangu alinisaidia" linashusha bei.

## Hatua ya 5: Ondoa umeme na mabomba kwanza

Usibomoe ukiwa na nyaya hai ndani. Fundi azihamishe, na kila kiungo kiwe ndani ya boksi linalofikika. Kiungo kilichofukiwa nyuma ya jipsamu ni kosa ambalo mkaguzi atalikataa, na ni sahihi alikatae.

## Hatua ya 6: Simamisha mirunda

Aliyewahi kumwaga zege nyumbani anajua: mirunda haitoki mpaka zege ijibebe yenyewe. Hapa ni vilevile.

Kabla ya chochote, pima kutoka sakafuni hadi darini sehemu tano za sebule na tano za jiko, futi 3 hivi kutoka ukutani. Andika kila kipimo kwa penseli hapo hapo kwenye dari. Vipimo hivyo vinakuja kukutetea baadaye.

Jenga ukuta wa muda pande zote mbili, futi 2 hadi 3 kutoka ukuta unaovunjwa. Sababu ya pande zote: boriti za dari zimekutana juu ya ukuta, yaani kuna boriti ya kushoto na boriti ya kulia. Ukishikilia upande mmoja, wa pili unaning'inia. Jamaa wa mlango wa bafu hakuwa na hata mmoja.

Laza 2x4 sakafuni, nyingine darini ikikatiza boriti, kisha simamisha mbao za wima, kila moja chini ya boriti yake. Ziingie kwa kugongwa kidogo na kubanwa kwa kabari. Malizia kwa ubao wa mshazari ili ukuta usilale ubavu.

Onyo: lengo ni kubana, si kuinua. Ukiona dari inapasuka juu ya ubao, umezidisha, legeza kabari. Na kama sakafu yako ni ya mbao juu ya uvungu, uliza mhandisi kama uvunguni napo panataka mirunda chini ya kuta za muda.

*Umefanikiwa ikiwa:* kila ubao ukipigwa kiganja unalia kavu bila kucheza, na vipimo vya dari havijabadilika.

## Hatua ya 7: Bomoa kwa utaratibu

Ziba milango kwa plastiki, funika matundu ya hewa, zima mtambo wa joto na baridi. La sivyo vumbi la jikoni litalala nawe kitandani.

Kata jipsamu kwa mistari, ing'oe kwa vipande vikubwa. Kisha kata kila ubao wa wima katikati kwa msumeno, uuzungushe, utajichomoa kwenye misumari yake. Ubao wa juu uliolala usiuguse kama mchoro wa mhandisi hausemi. Ukuta wa futi 12 unatoka kwa saa moja hivi bila kelele. Ndiyo maana nilisema nyundo kubwa uiache dukani.

## Hatua ya 8: Boriti na njia ya mzigo

Boriti za kisasa za kazi hii ni za LVL, mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, kila kipande na unene wa inchi 1¾. Mhandisi atataka vipande viwili au vitatu vifungwe pamoja. Kinyanyue kipande kimoja kimoja, kisha uvifunge juu kwa juu. Kuinua boriti iliyokwisha kufungwa ni njia ya kuvunja mgongo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo hata mafundi hukosea. Mzigo uliokuwa umetawanyika kwenye ukuta wa futi 12 sasa unashuka kwenye nukta mbili. Kila nukta inataka njia ngumu mpaka ardhini.

Kwenye nyumba yenye uvungu, nguzo ikiishia juu ya mbao za sakafu, patabonyea. Chini yake pajazwe mbao ngumu za kusimama hadi kwenye nguzo ya matofali, na nguzo hiyo iwe na kitako cha zege. Kwenye jamvi la zege, jamvi lenyewe huwa na unene wa inchi 4 hivi tu, na mhandisi anaweza kutaka likatwe ili kumwagwe kitako kipya. Hasa majimbo ya kusini, ulizia kwanza kama jamvi lina nyaya za chuma zilizovutwa ndani. Ukikata mojawapo, inafyatuka kwa nguvu ya kuua.

Boriti ikishakaa, pima maji juu yake, timazi kwenye nguzo, na kila boriti ya dari ikutane nayo bila mwanya. Penye mwanya, tia kabari ya mbao ngumu. Ndipo ulegeze mirunda, kidogo kidogo, upande huu na ule kwa zamu.

*Umefanikiwa ikiwa:* ukirudia vipimo kumi vya penseli, tofauti ni kati ya sifuri na inchi 1/8. Ikizidi hapo, rudisha mirunda umpigie mhandisi.

## Hatua ya 9: Mkaguzi kabla ya jipsamu

Mwite boriti, nguzo na nyaya zikiwa wazi. Ukifunika kabla hajaona, ana haki ya kukuambia ufumue. Mpe karatasi yenye muhuri mkononi, usimwache aitafute kwenye simu.

## Hatua ya 10: Makovu

Ukuta ulikuwa na unene wa inchi 4½ hivi: ubao wa inchi 3½ hivi na jipsamu ya nusu inchi kila upande. Utabaki na ufa wa upana huo sakafuni, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, na dari mbili zisizolingana. Dari, usijaze kwa lipu peke yake. Ibandike bodi, kisha lipu isambazwe futi 2 kila upande, vinginevyo jua la jioni litakuonyesha mstari kila siku.

Sakafuni, inua kona ya zulia la sebuleni kabla hujanunua kitu. Ranchi nyingi za miaka ya 1950 zina mwaloni mzuri chini ya zulia, vipande vya upana wa inchi 2¼. Upana huo bado unauzwa. Usijaze ufa kwa ukanda mmoja ulionyooka, utaonekana kama kiraka cha suruali. Ng'oa vipande vya pande zote mbili kwa kupishana, usuke vipya katikati, kisha piga msasa chumba kizima pamoja.

Acha vipimo vya penseli darini mwezi mmoja kabla ya kupaka rangi. Pima tena baada ya wiki, na tena baada ya mvua kubwa au theluji ya kwanza. Fungua na ufunge mlango wa bafu.